Sheria ipunguze, mapenzi uyaongeze

Ndugu yangu, umeuliza utaanzaje mapenzi ya Salim na Kazungu, vijana wawili wa Likoni, bila riwaya kugeuka hotuba ya sheria. Ipunguze tu. Msomaji anajua kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kinachoharamisha ngono ya jinsia moja, kipo, na kwamba Mahakama Kuu ilikataa kukifuta mwaka 2019. Ukikirudia kila sura utamchosha.

Feri ya Likoni ndiyo itakayokufaa. Waendao kwa miguu hawalipi, watu wamesongamana, mabega yanagusana na hakuna anayeshangaa. Kisha wapeleke jioni Mama Ngina, pale ufukweni Mombasa, wale mihogo ya kukaanga. Salim amkamulie mwenzake ndimu bila kuulizwa, maana ameshajua anavyopenda. Hapo msomaji ataelewa kabla wao wenyewe hawajaelewa. (Na pilipili usiisahau, tafadhali.)

Yule shangazi anayewafumania sura ya pili mwondoe. Ni mapema mno, halafu tumeshamchoka. Kikwazo kitoke kwao: Kazungu haahidi kitu, Salim ana wivu. Na wakibusiana usikimbilie sura nyingine kwa kuona haya. Andika kama ambavyo ungewaandikia Salim na Zuhura.