Rangi Imemwagika: Ushauri kwa Fundi Anayeanza

Ukiingia kwenye kazi ya kupaka rangi, utafundishwa kupiga msasa, kuziba nyufa, kuchanganya rangi na kushika brashi. Kutoa rangi iliyoanguka pasipotakiwa, mara nyingi utaachwa ujifunze mwenyewe. Hilo linanisikitisha, kwa sababu mwenye nyumba anapokuja kukagua kazi hatazami kuta peke yake. Anatazama sakafu, vioo, swichi za taa na meza yake. Ukuta uwe umenyooka vipi, matone yaliyotapakaa kwenye vigae yatamfanya aitilie shaka kazi yote.

Wengi wanaoanza huuliza, "Doa hili linatolewa na nini?" Mimi ningependa uanze na swali jingine: rangi imeangukia nini? Karibu kila rangi ina kitu cha kuilainisha. Shida ni kwamba kitu hicho hicho huweza kula vanishi ya meza, kuyeyusha plastiki au kutoboa nguo. Doa likibaki, utarudi kulishughulikia kesho. Meza ikishababuka, itabidi ipigwe msasa na kupakwa upya. Nimewahi kuitwa nyumba ambayo tone dogo la rangi nyeupe lilitolewa kwa thina, kiyeyushi cha rangi ya mafuta, juu ya meza ya vanishi. Tone lilitoka kweli, lakini mahali pake pakabaki baka jeupe lenye ukubwa wa kiganja.

Baada ya hapo ndipo uijue rangi yenyewe. Rangi ya maji hukauka maji yanapotoka na chembe za gundi yake kushikana zikawa utando mmoja. Ikiwa bado mbichi, maji na sabuni vinatosha kabisa. Utando ukishafunga, maji hayaurudishi tena kuwa rangi, hata ukimwaga ndoo nzima. Rangi ya mafuta haikauki kwa kupoteza maji. Hukauka kwa kuungana na hewa ya oksijeni, na inaendelea kukomaa siku nyingi baada ya kuonekana imekauka. Hiyo hutolewa kwa tapentaini au thina, na ukiiwahi inatoka kwa urahisi zaidi. Zipo pia rangi za kuchanganya makopo mawili, ambazo hugandishana zenyewe kwa kemikali. Hizo zikishaganda hakuna kiyeyushi cha kawaida kitakachokusaidia, kwa hiyo futa tone papo hapo, hata kama itabidi usimamishe kazi.

Ukikuta tone kavu na hujui ni rangi gani, lowesha pamba kwa spiriti kidogo (ile ya alkoholi) ulisugue. Likilainika na kuacha rangi kwenye pamba, hiyo ni rangi ya maji. Lisipobadilika, yaelekea ni ya mafuta. Lakini kabla ya kujaribu, rudi kwenye swali la kwanza: kilicho chini yake kinaivumilia spiriti? Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, nyuma ya mguu wa meza au ndani ya pindo la nguo.

Kopo zima likipinduka, usikimbilie kitambaa. Kitambaa husambaza. Inua kopo, weka kizuizi cha mchanga, vumbi la mbao au nguo kuukuu kuzunguka dimbwi, kisha kokota rangi kwa skrepa kutoka ukingoni kuja katikati na kuichota. Futa mwishoni, ikishabaki kidogo. Na kama ni rangi ya mafuta, tafadhali usiimwagie thina juu ya dimbwi. Utakuwa umeifanya nyepesi, na rangi nyepesi huzama ndani zaidi ya saruji na kwenye maungio ya vigae.

Nguo ndizo zinazoharibiwa zaidi, na mara nyingi huharibiwa na haraka. Rangi ya maji ikikudondokea, kwangua ya juu kwa ukingo wa kijiko, geuza nguo ndani nje, halafu elekeza maji ya bomba kwa nyuma ya doa. Maji yakipita kutoka nyuma yanaisukuma rangi itoke kwa njia iliyoingilia. Yakipiga kwa mbele yanaishindilia ndani ya nyuzi. Paka sabuni, fikicha, suuza, rudia mpaka maji yatoke safi. Kama huwezi kufua wakati huo, itumbukize nguo ndoo yenye maji ikusubiri. Kinachotakiwa ni isikauke.

Ya mafuta ina utaratibu mwingine. Tandika kitambaa cheupe chini ya doa, upande wa mbele wa nguo ukitazama chini, kisha gonga-gonga kwa nyuma kwa pamba yenye tapentaini. Rangi itahamia kwenye kitambaa cha chini. Kisogeze kila kinapochafuka, la sivyo utakuwa unaihamisha rangi kutoka sehemu moja ya nguo kwenda nyingine. Ikishatoka, paka sabuni ya maji ya vyombo kuondoa mafuta yaliyobaki, fua nguo hiyo peke yake, na uianike nje mpaka harufu iishe. Usiiweke kwenye mashine ya kukaushia, maana mvuke wa tapentaini hushika moto.

Pasi iache mpaka uone doa limetoka kabisa, kwa sababu joto huligandisha. Dawa ya klorini nayo haifai hapa, ingawa wengi huikimbilia: inapausha kitambaa na kuiacha rangi ya ukutani palepale. Asetoni, kiyeyushi kinachotumika pia kutolea rangi ya kucha, ni kali na inaondoa mengi, lakini kuna kitambaa cha asitati, kinachong'aa kama hariri na hutumika sana kama bitana ya makoti, ambacho asetoni hukiyeyusha. Hariri na sufu zipeleke kwa dobi, na umwambie waziwazi ni rangi gani na umeshaipaka nini.

Kioo ni rahisi kukisafisha. Lowesha kwa maji ya sabuni, laza wembe karibu ulale juu ya kioo, sukuma kwa mwelekeo mmoja tu. Kioo kikavu huchubuka, na vioo vilivyoimarishwa kwa joto huchubuka hata kwa uangalifu, kwa hiyo hivyo anza na kitambaa na spiriti. Vigae vinavyong'aa havina taabu. Skrepa ya plastiki na maji ya uvuguvugu vinatosha kwa rangi ya maji. Plastiki, kama swichi na fremu za madirisha, usiiguse kwa thina wala asetoni. Mbao zenye vanishi zipe kitambaa chenye maji ya sabuni, na tone kavu lilainishe kwa mafuta ya kupikia kwa muda kabla ya kulibandua kwa ukucha au kadi ya plastiki.

Saruji tupu ndiyo ngumu kuliko zote. Ina vitundu vinavyokunywa rangi, na kusugua juu hakuifikii. Changanya unga wa chaki na kiyeyushi kinachoifaa rangi hiyo mpaka iwe uji mzito, upake, ufunike kwa nailoni, uache ufanye kazi, kisha ukwangue. Rudia. Hata hivyo kivuli huweza kubaki, na ni haki ya mwenye nyumba kuambiwa hivyo kabla hujaanza, si baada.

Katika nyumba za zamani, usikwangue wala kupiga msasa mkavu rangi ya chini usiyoijua. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi (ledi), na Marekani ilipiga marufuku rangi hizo majumbani mwaka 1978. Vumbi lake ni sumu, na watoto ndio linaowadhuru zaidi.

Ngozi yako isafishe kwa mafuta ya kupikia kisha sabuni, usiioshe kwa thina. Rangi au kiyeyushi kikikuingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali. Fungua madirisha, zima kila moto, na usichanganye klorini na spiriti, asetoni wala dawa yoyote ya kusafishia.

Vitambaa ulivyofutia rangi ya mafuta au mafuta ya kitani usivikunje ukavitupa kwenye kona. Vinapokauka hutoa joto, na vikiwa vimerundikana joto hilo halina pa kutokea. Huwaka bila kiberiti. Vitandaze nje kimoja kimoja mpaka vikauke vikakamae, au vitie kwenye kopo la chuma lenye maji na ulifunike. Thina iliyotumika usiimwage kwenye bomba la maji machafu. Iache itulie kwenye chombo kilichofungwa, uchafu utazama chini, na ile safi ya juu utaimimina uoshee brashi kesho.