Asiransi (bima) ya RC: nani analipwa, nani anabaki na hasara yake

Ndugu, umeuliza hivi: umegonga manseba (dereva wa pikipiki ya abiria) kwenye barabara ya Kasenga hapa Lubumbashi, Kongo, gari yako ina RC peke yake (responsabilité civile, yaani asiransi ya kulipa unaowadhuru), je, asiransi italipa manseba, abiria wake na taa zako zilizovunjika? Kama kosa ni lako, manseba na abiria wake watalipwa. Taa utazilipa wewe.

Mimi yalinikuta nikitoka Ruashi jioni, mvua ndiyo inaanza. Magurudumu yaliteleza nikamgonga mama aliyekuwa anasukuma baiskeli ya makala. Alivunjika mguu. Nilidhani kwa kuwa nimelipa asiransi, kila kitu kimelipiwa. Kumbe RC ni deni lako kwa mtu uliyemdhuru, na kampuni inalibeba kwa niaba yako. Kwa hiyo hospitali ya yule mama, siku alizokosa kuuza, baiskeli na magunia yake, yote yaliingia. Boneti yangu haikuingia, wala kifua changu kilichogonga usukani. Gari yako inahitaji "tous risques" (asiransi inayolipa hata hasara ya gari yako mwenyewe), na dereva ana garanti yake mbali. Shemeji aliyekaa nyuma alichanika paji la uso; mkataba wangu ulihesabu abiria. Wako, usome, maana jamaa wa nyumbani wanaweza kuandikwa kivingine.

Sasa sikiliza hapa vizuri. Watu walijaa, wanapiga kelele, nikaogopa. Nikatoa dola nilizokuwa nazo na kutia sahihi karatasi: "Kosa ni langu, nitalipa yote." Kampuni ikanionyesha kipengele kinachokataza kukubali kosa au kupatana bila wao. Zile dola hazikurudi. Na tulipokuwa tunabishana juu ya karatasi yangu, yule mama alikuwa kitandani anangoja opereshoni. Mpaka leo linaniuma. Kumpeleka mgonjwa hospitali hakuna anayekukataza, tena ndiyo jambo la kwanza. Kueleza polisi yaliyotokea ni sawa pia. Ila usiandike kwamba utalipa.

Dai nakala ya PV (ripoti ya polisi juu ya ajali), piga picha kabla magari hayajasogezwa, tunza kila fakitire. Andika pia jina la kampuni ya mwenzako na namba ya mkataba wake wa asiransi. Zamani ilikuwa SONAS tu, kampuni ya serikali, ulijua pa kwenda. Tangu sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ifungue soko, kampuni ni nyingi. Ikionekana manseba naye ana sehemu ya kosa, taa zako utazidai huko.

Na kwa wanaovuka mpaka wa Kasumbalesa: RC ya hapa usiitegemee Zambia. Chukua kadi ya njano ya COMESA (asiransi ya kuvukia mpaka kati ya nchi za umoja huo) kabla ya kuondoka. Nayo inalipa utakaowadhuru kule, si gari yako.

Wewe kesho asubuhi, kabla ya garaji, peleka tangazo la ajali kwa kampuni yako kwa maandishi, wakupigie muhuri kwenye nakala. Halafu pita hospitali umwone yule abiria.