Besi peke yake haikupeleki studio

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kuingiza sauti za Kiswahili kwenye filamu na matangazo, karibu kila mwezi napigiwa simu na kijana anayeanza na maneno yaleyale: "Kaka, watu wote wananiambia nina besi." Namwomba anisomee chochote kilicho karibu naye, hata maelezo ya nyuma ya pakiti ya unga. Wengi hapo hubabaika. Alitaka nisikie besi, hakujiandaa nisikie anavyosoma.

Siwacheki, maana nilikuwa hivyohivyo. Wiki yangu ya kwanza nilipewa nafasi ya baba mmoja katika tamthilia ya kigeni, na sentensi yake ilikuwa: "Mwanangu, mlango uko wazi." Maneno manne. Nikaivuta besi kutoka kwenye nyayo. Fundi mitambo akakaa kimya upande wa pili wa kioo, kisha akabonyeza kitufe na kuniambia, "Kaka, unajisikiliza." Tulirudia mara kumi na saba. Ya kumi na nane ndiyo iliyopita: nimechoka, nina njaa, sikio moja la hedifoni nimelivua ili joto lipungue. Tangu siku ile navua sikio moja kila ninapoona nimeanza kuipenda sauti yangu, nanyi fanyeni hivyo. Ukijisikia kwa masikio yote mawili unaanza kuimba badala ya kusema.

Baada ya hapo nikaanza kumfuatilia James Earl Jones, mwigizaji wa Marekani aliyefariki Septemba 2024 akiwa na miaka 93. Hata usipolijua jina, sauti yake unaijua: ndiye Mufasa, simba mfalme wa katuni ya The Lion King, na ndiye Darth Vader, yule katili mwenye kinyago cheusi katika filamu za Star Wars. Nilidhani nitakuta mtu aliyezaliwa na sauti ile akaitembeza tu mjini. Nilichokuta ni bubu, au tuseme karibu na bubu.

Alizaliwa mwaka 1931 Arkabutla, Mississippi. Baba yake aliiacha familia karibu na wakati alipozaliwa, akalelewa na babu na bibi wazaa mama. Alipokuwa na miaka kama mitano familia ilihamia mashambani Michigan, na huko kigugumizi kikamkamata. Kwa takriban miaka minane hakusema shuleni ila kwa shida kubwa. Nyumbani aliongea kidogo, na mifugo aliongea nayo vizuri tu. Sekondari akampata mwalimu aitwaye Donald Crouch, aliyegundua kwamba kijana huyu asiyesema anaandika mashairi. Jones aliandika shairi la kusifu mabalungi, matunda yaliyoletwa kijijini kwao wakati wa baridi kama chakula cha msaada. Mwalimu akamwambia shairi hili ni zuri mno, sijui kama ni lako. Kama ni lako, simama mbele ya darasa ulighani kwa kichwa. Akasimama, akalighani lote bila kukwama.

Nimelisimulia tukio hili studio mara nyingi, na vijana huchukua upande mmoja tu, ule wa kutiwa moyo. Mimi nautaka upande wa ufundi. Shairi alilitunga mwenyewe na mizani yake alikuwa nayo kifuani. Maneno aliyajua kabla ya kufungua kinywa, kwa hiyo ulimi haukuwa na cha kutafuta. Ndiyo maana kwangu hakuna anayeingia kibanda cha kurekodia na karatasi aliyoisoma mara moja. Soma kwa macho, kisha soma kwa sauti ya chini, kisha shika penseli uweke alama mahali pa kuvuta pumzi. Neno linalokugomea lizungushie duara. Kuna dada mmoja "mbwembwe" ilimtesa asubuhi nzima. Tukaona tatizo halikuwa mbwembwe, lilikuwa neno la kabla yake lililommaliza pumzi.

Wala msidhani kigugumizi kilimwacha Jones. Mwaka 1958, huko Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, alikuwa na nafasi ndogo ya mtumishi katika mchezo kuhusu Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, kazi yake kutangaza tu kwamba chakula cha usiku kiko tayari. Akakwama kwenye herufi M ya mwanzo, ile ya "Mrs. Roosevelt", mbele ya ukumbi uliojaa. Mtu mzima, amemaliza Chuo Kikuu cha Michigan, amekuwa ofisa wa jeshi, na M moja imemweka rumande. Alikuwa New York akisafisha sakafu ili apate kula huku akisomea uigizaji. Filamu ya kwanza aliipata mwaka 1964, nafasi ndogo ndani ya Dr. Strangelove. Tuzo ya Tony, ile ya maigizo ya jukwaani, ilikuja mwaka 1969, kwa nafasi ya bondia katika The Great White Hope. Wewe una miezi mitatu unaniuliza mbona hujapata tangazo la benki.

Mwaka huohuo wa 1969 alifanya kitu ambacho ningependa kila msomaji mpya akijue. Kipindi cha watoto cha Sesame Street kilikuwa kinaandaliwa, naye akaitwa asome alfabeti. Alfabeti tu. Aliisoma polepole ajabu, akikaza macho kwenye kamera, akiacha kimya kirefu kati ya herufi na herufi, huku herufi ikijitokeza kabla hajaitamka. Waliowachunguza watoto wakaona mara ya kwanza wanasoma pamoja naye. Wakirudiarudia, herufi ikionekana tu wanaitaja kabla yake. Kile kimya ndicho kilichowapa watoto nafasi ya kufikiri.

Sisi kimya tunakiogopa. Redio imetufundisha kwamba sekunde isiyo na sauti ni ajali. Ukienda kusoma tangazo la kliniki, "Mlete mtoto apate chanjo," unaambatisha tarehe, mahali na namba ya simu kwa pumzi moja kama kondakta anayetaja vituo. Acha kidogo baada ya "chanjo". Mama anayesikiliza akiwa anachambua mchele anahitaji nukta ile amkumbuke mtoto wake.

Sasa Darth Vader, maana huyu anatuhusu moja kwa moja. Ndani ya lile vazi jeusi alikuwepo mwigizaji mwingine, Mwingereza David Prowse. Jones aliitwa studio picha zikiwa zimeshapigwa, akaingiza sauti juu yake, yaani kazi yetu hii hii. Mwenyewe alisimulia kwamba kwa filamu ile ya 1977 alimaliza kwa muda wa saa mbili na nusu hivi, akalipwa dola 7,000. Hakutaka jina lake liandikwe, alijiona ni sehemu tu ya vikorombwezo vya mitambo. Tukubaliane kwamba kinyago hakina midomo, kwa hiyo hapo alituzidi bahati. Sisi mhusika anafumba mdomo nawe bado una silabi moja mkononi, ndipo unapolazimika kuigeuza "ninakupenda" kuwa "nakupenda" na kushukuru Mungu kwa sarufi yetu.

Lakini sikilizeni alichofanya na besi ile. Alieleza baadaye kwamba siri ilikuwa kuibana sauti katika upeo mwembamba, isipande wala kushuka sana, kwa sababu mtu yule hakujua tena namna binadamu anavyoonyesha hisia. Kumbe alikuwa anapunguza! Kwa Mufasa, mwaka 1994, alianza na mfalme mkubwa mwenye fahari, na kazi ilivyoendelea Mufasa akazidi kuwa baba wa kawaida tu mwenye utani kidogo. Koo ni lile lile, ila wahusika ni wawili usioweza kuwachanganya. (Filamu hiyo ndiyo iliyopeleka "hakuna matata" duniani kote na kumwita fisi Shenzi bila aibu. Mufasa, jina hilo sijalisikia kwa Mswahili yeyote.)

Jambo la mwisho ni la karatasi, na hapa nina kidonda. Niliwahi kusoma tangazo la kampuni moja ambayo sitaitaja. Nilipewa laki moja na karatasi mbili, nikasaini ya pili bila kuisoma kwa sababu daladala za kwetu zilikuwa zinaisha. Tangazo lilikwenda miaka minne. Nilipolalamika nikaonyeshwa mstari usemao "bila kikomo cha muda", na sahihi yangu chini yake, nzuri kabisa.

Siku hizi kikomo si cha muda pekee. Jones alipozeeka alikubali kumbukumbu za sauti yake zitumiwe na kampuni ya Respeecher ya Ukraine, ambayo kwa akili bandia ilitengeneza upya sauti ya Vader kwa ajili ya Obi-Wan Kenobi, mfululizo wa Star Wars wa mwaka 2022. Yeye aliulizwa, akakubali. Wewe hakuna atakayekupigia simu kama ulishasaini. Akili bandia ilikuwa mojawapo ya mambo yaliyowafanya waigizaji wa Marekani wagome mwaka 2023. Kwa hiyo kabla ya kusaini tafuta mambo matatu: sauti yako itatumika wapi, kwa muda gani, na kama wanaruhusiwa kuifundishia mashine. Kama la tatu halijaandikwa, omba liandikwe. Wakikasirika, kunywa maji, subiri. Kimya mmeshajua kinafanyaje kazi.

Jumamosi ninaanza na kundi jipya, saa tatu asubuhi. Njooni na penseli, kifutio na chupa ya maji yasiyo baridi. Msivae bangili wala nguo zinazochakarisha, maiki inasikia kila kitu. Chai ya maziwa kunyweni baadaye, inaacha utando mdomoni. Na pakiti ya unga nitakuwa nayo mimi.