Globidens hakuwa dinosaria

Umeuliza kama Globidens alikuwa dinosaria. Hapana, huyu ni mjusi kabisa, wa kundi la mosasaria (mijusi wa baharini wa enzi za dinosaria), na ukoo wake uko karibu zaidi na kenge na nyoka. Miguu yake ilikuwa imeshageuka kuwa makasia ya kuogelea. Ila cha kumtazama ni meno! Wenzake wengi walikuwa na meno yaliyochongoka ya kunasa samaki. Yake ya nyuma yalikuwa mazito na mviringo kama vichwa vya uyoga, ya kuvunjia makombe, yaani magamba magumu ya wanyama wa baharini kama chaza. Na si kukisia tu: mmoja aliyefukuliwa South Dakota, Marekani, alikutwa na vipande vya makombe tumboni. Jina alipewa na Charles Gilmore, mtaalamu wa mabaki ya viumbe vya kale, mwaka 1912, kwa mabaki yaliyopatikana Alabama, pia Marekani.