Usilivishe gongo lako sweta

Kila Januari, kabla mazoezi hayajaanza, wasichana wangu huniletea magongo yao niyakague. (Ndugu zangu wa Tanzania, tulieni. Nasema gongo la mpira wa magongo, si ile ya kunywa.) Mwaka huu niliyaegemeza ukutani, yote kumi na manne. Tisa yalikuwa yamefungwa gripu (ule ukanda wa kushikia unaozungushwa kwenye mpini) juu ya gripu, na tepu juu ya hiyo, mpaka mpini umenenepa kama mchi wa kutwangia. Nikacheka. Halafu nikakumbuka gongo langu la kidato cha pili, nikaacha kucheka.

Nilisoma shule ya bweni upande wa Kakamega. Uwanja wetu ulikuwa wa murram, changarawe tupu, na mpira haukuwa unabingirika bali unakuja ukirukaruka kama chura. Gongo lenyewe nililirithi kutoka kwa dada mmoja aliyemaliza shule, la mbao, gripu yake imeliwa hadi ukaiona mbao. Asubuhi yenye baridi, ukiupiga mpira vibaya, mtikisiko unapanda kutoka kwenye vidole mpaka kwenye kiwiko na machozi yanakutoka bila ruhusa. Nikafanya ambacho kila mtu alifanya: nilienda kwa fundi wa baiskeli sokoni, nikaomba tyubu kuukuu, nikaikata ukanda mrefu kwa wembe na kuuzungusha kwenye mpini mara tatu. Juu kabisa nikajenga kirungu cha plasta ya hospitali ili mkono usichomoke. Nilijiona fundi.

Siku ya mechi refa akatoa pete yake. Sheria ni kwamba gongo zima, pamoja na chochote ulichokifunga, lazima lipite kwenye pete yenye kipenyo cha ndani cha milimita 51. Langu lilikwama palepale juu. Ikabidi nichuchumae kando ya uwanja nikichonga kirungu changu kwa wembe huku wenzangu wakinipigia kelele niharakishe. Nilichosahau ni kwamba ile plasta ndiyo iliyokuwa imeshikilia mwisho wa tyubu. Kipindi cha pili tyubu ikaanza kufunguka, inaning'inia kama utumbo wa kuku, na tulipopata kona fupi, ile ya adhabu, mimi ndiye niliyetakiwa kuusimamisha mpira. Nikainama. Gongo likajizungusha mkononi kama sabuni. Mpira ukapita. Waliotufunga siku hiyo sitawataja, wanajijua.

Kwa miaka mingi niliamini kosa lilikuwa kufunga vibaya. Nimekuja kuelewa baadaye sana kwamba kosa lilikuwa kufunga sana.

Fikiria mikono miwili inavyofanya kazi. Katika mchezo huu hakuna gongo la mashoto. Sote tunatumia upande bapa, ule wa kushoto, na mkono wa kushoto ndio unaokaa juu. Huo ndio unaogeuza gongo unapoupeleka mpira kulia na kushoto. Wa kulia uko chini, kama shibiri moja na nusu hivi, na kazi yake ni kuelekeza tu. Gongo linazunguka ndani yake kama mhimili ndani ya bomba. Sasa ukivisha mpini wote mpira wa tyubu, mkono wa kulia unanasa. Unataka kugeuza, mkono unakataa, kiwiko kinainuka, na beki amekwisha kukupora. Mchezaji anadhani hajui chenga. Chenga anazijua. Ni gongo ndilo limevaa sweta.

Kwa hiyo kabla hujagusa tepu, angalia unavyoshika. Laza gongo chini, mpini ukielekea kwako, upande bapa ukitazama udongo. Inama uliokote kwa mkono wa kushoto kutoka juu, kama unavyookota jembe. Usirekebishe kitu. Sasa tazama pale kati ya kidole gumba na cha shahada: ile pembe inayofanana na V inapaswa kulala katikati ya mgongo wa gongo, ule upande wa mviringo. Wasichana wengi wanaokuja kwangu wanashika kama wanashika ufagio, pembe imekimbilia pembeni, halafu wanalalamika kwamba gripu inateleza. Mmoja wa kidato cha kwanza aliniambia, "Madam, hii gripu ni ya bei rahisi." Nilimgeuzia mkono nusu inchi tu. Hakurudi kulalamika.

Unene nao una kipimo chake, na huhitaji rula. Kunja mkono wa kushoto kwenye mpini. Ncha za vidole viwili vya kati zikaribie kugusa nyama ya chini ya kidole gumba, zisiifikie sawasawa. Zikiwa mbali, gongo ni nene kwako. Zikichimba kiganja, ni jembamba, na hapo unaweza kuongeza.

Kuhusu nini cha kufungia, nimejaribu karibu kila kitu. Tyubu ya baiskeli inanata vizuri ikiwa kavu, lakini ikilowa inakuwa samaki, na inaacha weusi kwenye viganja ambao hautoki hata kwa Omo. Tepu ya umeme peke yake ni ngumu na inapasha mkono moto. Mimi naitumia kumalizia tu. Plasta ya hospitali inashika kwa mechi mbili, kisha inakusanya uchafu na kunuka. Gripu ya kiwandani, ile inayokuja na gongo jipya, ni nzuri mpaka utoke jasho, na hapa Kisumu jasho hutoka saa tisa alasiri hata ukiwa umesimama tu. Joto la ziwa halikuombi ruhusa.

Ninayoipenda ni ile ya kitambaa laini kinachofanana na vile vya kukaushia gari. Ikiwa kavu kabisa inakuhadaa, unaiona inateleza. Ilowanishe kidogo ndipo inashika. Ndiyo maana utawaona wachezaji wakiilamba au kuifuta kwenye nyasi zenye umande kabla ya kuanza. Ukiikosa, nunua gripu ya juu ya raketi ya tenisi. Ya mwisho niliipata mjini kwa shilingi mia mbili.

Na hapo kuna bahati ambayo sikuitegemea. Gripu ya raketi ni fupi kwa gongo. Ukiianzia juu, inafika sentimita 20 hivi halafu inaisha. Watu hununua ya pili waunganishe. Usiunganishe! Hizo sentimita 20 ndizo zinazoutosha mkono wa kushoto, na ndizo zinazotosha mikono yote miwili inapokutana juu unapopiga kwa nguvu. Chini yake mkono wa kulia unabaki kwenye gripu ya kiwandani, unateleza unavyotakiwa. Umaskini wa gripu umekufanyia kazi nzuri.

Ukifunga, bandua gripu iliyochakaa kwanza kama imepasuka. Kama ni nzima, iache iwe godoro. Gundi iliyobaki ifute kwa kitambaa chenye mafuta taa kidogo, halafu sabuni, halafu uache likauke kabisa, usiku mzima ukiweza. Keti, shikilia kichwa cha gongo katikati ya magoti bila kukibana sana. Anzia juu na ile ncha iliyochongoka, bandika, kisha usiuzungushe ukanda: shika ukanda kwa mkono mmoja ukiwa umeuvuta, na ulizungushe gongo lenyewe kwa mkono mwingine. Hapo mvuto unabaki sawa toka mwanzo hadi mwisho. Kila mzunguko upande juu ya uliotangulia milimita tatu au nne, si zaidi, maana kila unapopandisha sana unarudia kosa la tyubu. Ukiona kunyanzi, rudi nyuma mizunguko miwili. Usijidanganye kwamba litajinyoosha. Litakupa lengelenge.

Wapo wanaoanzia chini kwenda juu, na wana hoja. Ukianzia juu, kingo za ukanda zinatazama juu, na mkono unaoshuka kwa kasi unaweza kuziinua. Ukianzia chini, mkono unaopanda ndio unaozikwaruza. Nimefanya zote mbili na naona mkono wa kulia unapanda na kushuka sawa tu, kwa hiyo naanzia juu kwa sababu ndipo ninapotaka mwanzo safi, na kingo za chini nazikandamiza kwa mizunguko miwili ya tepu ya umeme. Miwili. Si sita.

Lakini je, ule mtikisiko wa kwenye kiwiko? Hapa ndipo tulipoanza kunenepesha magongo, na sababu yenyewe ni uwanja. Kenya ilishika nafasi ya sita Olimpiki ya Tokyo 1964 na ya nne Kombe la Dunia kule Barcelona 1971, wengi wa wachezaji wake wakiwa Masingasinga na Wagoa, na zote mbili zilichezwa kwenye nyasi za kweli. Olimpiki ya Montreal 1976 ikaleta nyasi bandia, na dunia ikahamia huko. Shule zetu nyingi za magharibi bado ziko kwenye murram na nyasi zilizotafunwa na ng'ombe. Mpira unaruka, unagonga gongo pasipofaa, na mkono unalia. Dawa yake ni kulegeza mkono wa kulia unapoupokea mpira, gongo lirudi nyuma kidogo kama unadaka yai. Na ukinunua gongo jipya kwa uwanja wa murram, usishawishike na lile lenye kaboni nyingi. Ni gumu, linapiga mbali, lakini linakurudishia kila kokoto.

Kichwa cha gongo la mbao unaweza kukifunga tepu ya umeme safu moja pale panapokwaruzwa na changarawe. Iwe laini, isiwe na kingo, na bado ipite kwenye ile pete. Ikichanika, toa yote ufunge upya, usibandike kiraka.

Baada ya mvua ya Machi, futa gripu kwa kitambaa kikavu na ulisimamishe gongo kwenye upepo, mbali na jiko. Nimeona gripu nzuri ikikunjamana usiku mmoja kwa sababu mtu aliona akaushe haraka jikoni. Kitambaa kikianza kung'aa pale kidole gumba kinapokaa, badilisha, hata kama kwingine bado kinaonekana kipya.

Yale magongo tisa tuliyavua siku hiyo hiyo. Tulipata rundo la tyubu la kujaza ndoo. Mwendesha boda anayetuletea maji aliliomba lote, na siku hizi analitumia kufungia mitungi.