Kupima Nguvu ya Gando la Kaa: Anza na Mawe ya Mizani

Wanafunzi wa baiolojia wanaotaka kutengeneza kifaa cha kupima nguvu huniuliza kwanza habari za programu. Mimi huwauliza mnyama wao ana nguvu kiasi gani. Mwaka 2016 watafiti wa Japani walichapisha vipimo vya wale kaa wakubwa wa nchi kavu wanaopanda minazi, waliopimwa Okinawa: wa chini kabisa alibana kwa niutoni 29 hivi (niutoni ni kipimo cha nguvu; uzito wa kilo moja ni kama niutoni 10), wa juu akafika 1,765. Kaa wa aina moja hao! Sensa, yaani kile kipande cha kifaa kinachohisi nguvu, ikiwa ya kilo 5 ingeharibika kwa huyo wa juu, na ya kilo 200 isingekupa kipimo kizuri cha yule wa chini. Kwa hiyo kwa kaa wa mikoko wa Tudor au Mikindani, huku Mombasa, azima kwanza sensa kubwa, ujaribu kaa wachache wa ukubwa mbalimbali, ndipo ununue yako.

Sensa yenyewe ni kipande cha alumini chenye vijinyuzi vya chuma vilivyogandishwa juu yake. Alumini ikipinda kidogo tu, umeme unaopita hubadilika kwa milivolti chache, na bodi ya HX711 huukuza ili Arduino (kijikompyuta cha bodi moja) iusome. Angalia jambo moja hapa. Bodi nyingi za HX711 huja zikiwa zimewekwa kusoma mara 10 kwa sekunde, na gando hubana ghafla, kilele kikapita katikati ya visomo viwili. Chipu hiyo inaweza kusoma mara 80: mguu wake ulioandikwa RATE utoe kwenye graundi (upande hasi), uunganishe na upande chanya wa umeme.

Kazi kubwa ni kusawazisha kifaa, yaani kulinganisha namba zake na uzito unaoujua, na hapo ndipo ningependa utumie muda wako mwingi. Ikiwa umeunda koleo la vyuma viwili vyenye bawaba ili kaa alibane, nguvu inayofika kwenye sensa inategemea gando limeshika wapi. Kwa hiyo chonga kijishimo pale unapotaka kaa abane, na utundike mawe ya mizani hapo hapo, si juu ya sensa. Kilo moja ni niutoni 9.81. Panda kilo hadi kilo, kisha ushuke vivyo hivyo. Namba za kushuka zisipolingana na za kupanda, bawaba inakwama au skrubu imelegea. Huna mawe? Tumia maji: lita moja kwa joto letu la nyuzi 30 ina gramu 996, ila usisahau uzito wa mtungi. Rudia kila asubuhi kabla ya kazi, na feni uizime, upepo usiyumbishe mawe.

Chumvi ya pwani hula viungo vya lehemu haraka sana. Vifunike kwa silikoni, lakini ile inayonuka siki usiiguse, maana asidi yake hula shaba.

Kaa naye ana haki yake. Aliyeletwa na mvuvi akiwa amefungwa kamba amechoka. Mlaze kivulini chini ya gunia bichi, mpe muda. Aliyetoka kujivua gamba mwache kabisa. Na akigoma kuachia chuma usimvute, kwani anaweza kulikata gando lake mwenyewe. Mtumbukize majini pamoja na koleo, sensa ikibaki juu, umsubiri aachie.