Usiache kutifua kabla hujapata cha kufunikia udongo

Wanaohubiri kilimo hifadhi, yaani kutotifua, kufunika udongo na kupishanisha mazao, wengi huanzia kwenye jembe: usitifue. Takwimu zinaanzia kwingine. Uchambuzi uliochapishwa na jarida la Nature mwaka 2015 ulikusanya tafiti 610 za nchi 63. Kwa wastani, mashamba yasiyotifuliwa yalivuna pungufu kwa asilimia 5.7. Lakini kwenye maeneo makavu yanayotegemea mvua, mabaki ya mazao yakiachwa shambani na mazao yakipishana msimu hadi msimu, mavuno yalipanda kwa asilimia 7.3. Mkulima wa Dodoma au Kitui ashike hilo la pili.

Sababu ni matone ya mvua. Yakipiga udongo ulio uchi huvunja mabonge, chembe laini huziba vitundu na juu hujengeka gamba. Maji hayazami tena, yanatiririka. Gamba hilo halijali kama ulitifua au hukutifua.

Kiwango cha chini cha kufunika ni asilimia 30 ya ardhi. Usikadirie kwa macho, yanadanganya. Chukua kamba ya mita 10, tia alama kila sentimita 10, upate alama 100. Ukishapanda, ivute kwa mshazari kukatisha mistari, uhesabu alama zilizoangukia juu ya mabaki. Rudia sehemu tatu, utafute wastani. Chini ya 30, bado.

Kwa mabua ya mahindi hiyo ni kama kilo 800 hadi 1,200 kwa eka, na hapa ndipo wengi hukwama. Eka iliyotoa gunia sita za kilo 100 huacha mabua ya kilo 700 hadi 900 hivi, kabla ng'ombe wa jirani na mchwa hawajachukua chao. Basi usiyatawanye kote. Yakusanye sehemu moja, funika nusu eka ipasavyo, kwingine endelea kulima kama kawaida. Panda fiwi au mbaazi kati ya mistari. Majani yake yanayopukutika ni matandazo ya bure. Suala la mifugo lizungumzwe kijijini mapema, maana ukuta wa miiba pekee haumzuii ng'ombe mwenye njaa ya kiangazi.

Mahindi yakigeuka njano wiki ya tatu, usikimbilie kulaumu mbegu. Mabua yana kaboni nyingi na nitrojeni kidogo mno, hivyo vijidudu vinavyoyaozesha hukopa nitrojeni ya udongo na mmea unabaki na njaa. Yaache juu, usiyafukie. Mbolea weka kwenye shimo la kupandia. Urea ikimwagwa juu ya matandazo, sehemu yake hupotea hewani kama amonia. Ifukie sentimita tano.

Kabla ya yote hayo, chimba shimo la sentimita 40 pembeni ya shina la mahindi. Mizizi ikikunjika kwenda pembeni, kuna tabaka gumu, na kuacha kutifua kutalihifadhi tu. Lipasue mara moja kwa ripa, jembe la kukokotwa lenye ncha nyembamba inayopasua udongo bila kuupindua, wakati udongo mkavu. Ukiwa na unyevu, ripa hukata mfereji bila kupasua pembeni.

Jiandae na magugu misimu miwili ya mwanzo. Panga mapema nani atapalilia, kwani nyumba nyingi kazi hiyo huwaangukia akina mama bila mtu kuuliza.

Kwenye mteremko mkali, matandazo yatasombwa. Huko tangulia na makinga maji ya fanya juu kama ya Machakos: mtaro wa sentimita 60 kwa 60 kufuata kontua, yaani mstari wa usawa unaokatisha mteremko, udongo urushwe upande wa juu, na tuta lipandwe mabingobingo.